Kabla Kiwanja Hakijauzwa: Kipato cha Mtaalamu wa Tiba ya Nafsi Marekani

Baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa jamaa wa msikiti wetu alitufuata ofisini akiwa na simu mkononi. Binti yake, aliyeolewa na kuhamia California, anataka kusoma shahada ya uzamili ya tiba ya nafsi. Mkopo wa masomo wa serikali ya kule una riba, naye hataki kuuingia, hivyo amemwomba baba amsaidie ada. Katika ujumbe wake ameandika kwamba wenye kazi hiyo hulipwa dola 90,000 kwa mwaka. Mzee alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa kiwanja chake cha Chanika. "Ustadhi," akatuuliza, "hesabu hii ni ya kweli?"

Tulimwomba muda wa wiki moja. Tuliyoyapata tunayaandika hapa, kwani si yeye peke yake mwenye mwana ughaibuni na kiwanja nyumbani.

Mtaalamu tunayemzungumzia ni yule anayeketi na mgonjwa, au mume na mke waliohitilafiana, akawatibu kwa mazungumzo bila ya kuandika dawa. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mwezi Mei 2023 kipato cha katikati cha wataalamu wa tiba ya ndoa na familia kilikuwa dola 58,510 kwa mwaka. Maana yake nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu walipata pungufu. Sehemu moja ya kumi ya walio chini kabisa hawakufikia dola 39,090. Washauri wa afya ya akili na uraibu kipato chao cha katikati kilikuwa dola 53,710. Basi hizo 90,000 zilitoka wapi? Tunadhani zilichanganywa na kipato cha wanasaikolojia wa tiba, ambao kwao kiwango cha katikati kilikuwa dola 96,100. Lakini hao kwa kawaida husoma hadi udaktari wa falsafa au wa saikolojia, miaka mingi zaidi ya ile anayoikusudia binti yetu.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni miaka iliyo baina ya shahada na leseni. Mhitimu wa California hapewi leseni siku ya mahafali. Hujiandikisha kwanza kuwa mtarajiwa, akatimiza saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua wiki 104, kisha akafanya mitihani. Katika kipindi hicho haruhusiwi kufungua kliniki yake wala kupokea malipo moja kwa moja kutoka kwa mgonjwa; ni mwajiriwa tu, na mshahara wake ni mdogo kuliko wa mwenye leseni. Ukijumlisha na miaka miwili au mitatu ya masomo, mzee anayeuza kiwanja leo atangoje takriban miaka mitano kabla binti hajashika mshahara kamili. Hili halikuwamo katika ujumbe wa simu.

Kisha kuna suala la jimbo. California ndiyo yenye wataalamu wengi wa ndoa na familia kuliko jimbo lolote, na mishahara yake huonekana mikubwa ikilinganishwa na ya majimbo ya kusini. Lakini Idara ya Biashara ya Marekani hupima bei za kila jimbo dhidi ya mia moja ya nchi nzima, na katika hesabu za 2022 California ilipita kidogo 112, hali Mississippi ilikuwa karibu na 87. Tuchukue mfano wetu wenyewe: mmoja alipwe dola 70,000 California, mwingine 55,000 Mississippi. Ukiondoa tofauti ya bei, wa kwanza amebaki na uwezo wa kununua wa dola 62,000 na kitu, na wa pili dola 63,000. Kodi ya nyumba pekee yaweza kumeza ile tofauti yote. Tena California hutoza kodi ya mapato ya jimbo juu ya ile ya taifa, ilhali Texas na Florida hazina kodi hiyo.

Wala mtu asidhani kwamba atasomea pale palipo na chuo, kisha ahamie penye malipo mazuri bila usumbufu. Leseni hutolewa na jimbo. Mwenye kuhama huomba upya, na jimbo jipya laweza kumdai masomo au saa za ziada.

Wapo wanaotaja malipo ya kliniki binafsi, ambako mgonjwa aweza kutozwa zaidi ya dola 100 kwa kikao kimoja. Hiyo si faida. Humo mna pango la ofisi, bima ya kazi, wagonjwa wasiotokea, na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 kabla hata ya kodi ya mapato.

Mzee alipoyasikia haya, kwanza aliuliza dola 58,510 ni shilingi ngapi kwa mwezi. Tulimsihi asizigeuze. Dola ya California hununua mkate wa California, na hesabu ya shilingi ndiyo iliyokwisha kumdanganya mara moja. Hatukumwambia asiuze. Kazi yenyewe ni njema, na wakimbizi wengi wa Kongo wasemao Kiswahili wamepelekwa Kentucky na Texas, wakiwa na majeraha ya nafsi ambayo ni shida kuyaeleza kwa lugha ya kigeni.

Tulimwandikia maswali matatu ampelekee binti: mtarajiwa hulipwa kiasi gani katika mji wenu, mume wako atabaki jimbo hilo kwa miaka mingapi, na ada ya chuo cha umma ni ipi ukilinganisha na hiki ulichokichagua?

Binti amejibu la tatu tu: chuo cha umma kipo, tena nafuu, ila maombi ya mwaka huu yamefungwa. Mnunuzi wa Chanika ameambiwa asubiri.