Utafiti wa mihogo Pwani: nani anaulipia, nani anausoma

Mkulima wa Kisarawe akipasua muhogo na kukuta mabaka makavu ya kahawia ndani yake, msimu umeshapotea. Juu shina lilionekana zima. Chini mzigo hauuziki sokoni wala haufai kwa makopa. Ugonjwa huo wa michirizi ya kahawia ulielezwa na H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanga, mwaka 1936, na R. F. W. Nichols akauchambua upya mwaka 1950. Makala zote mbili zilitoka katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, ambalo matoleo yake ya zamani leo yamo katika tovuti ya mchapishaji wa Uingereza.

Biashara ya majarida ina hesabu zake. Mtafiti halipwi kwa kuandika, mhakiki halipwi kwa kuhakiki, lakini msomaji asiye na usajili hutozwa mara nyingi dola 30 hadi 50 kwa makala moja. Kitengo cha sayansi cha kampuni ya RELX, mmiliki wa mchapishaji Elsevier, kwa miaka mingi kimepata faida inayozidi asilimia 30 ya mapato. Majarida mengine humfungulia msomaji bure na kumtoza mwandishi, wakati mwingine maelfu ya dola.

Bei hizo ndizo zilizoipa nguvu Sci-Hub, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 inayotoa makala bure bila idhini ya wachapishaji. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliipa Elsevier fidia ya dola milioni 15 dhidi yake. Huku kwetu faili za makala huzunguka katika makundi ya WhatsApp. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaruhusu nakala ya matumizi binafsi kwa masharti. Kuisambaza kwa umma bila idhini ni jambo jingine.

Njia halali zipo, tena nyingi hazina gharama. Mwandishi akiombwa kwa barua pepe, aghalabu hutuma nakala yake. Wachapishaji wengi humruhusu kuweka rasimu iliyokubaliwa katika hazina ya chuo chake, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinavyofanya. Tovuti ya AJOL imekusanya majarida ya Afrika tangu 1998. AGORA, mpango wa FAO ulioanza mwaka 2003, huzifungulia taasisi za Tanzania maelfu ya majarida, zikishajisajili. Hapo ofisi ya kilimo ya halmashauri ina nafasi ambayo mkulima peke yake hana.

Watafiti wa miwa na mihogo wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Kibaha, wako jirani na mashamba ya Kisarawe. Kila makala inayotokana na fedha za umma iwekwe wazi pale mkataba unaporuhusu, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili. Na anayeisambaza atume kiungo chenye jina la mwandishi na leseni yake. Mlipakodi aliyegharimia utafiti ana haki ya kuufikia kabla hajachagua pingili za msimu ujao.