Ni Nani Anayeketi Kwenye Bodi ya Paroli?

Mfungwa amekaa gerezani miaka 15. Sasa anaomba arudi nyumbani. Mbele yake wameketi watu wachache wenye faili lake, nao wanamwuliza maswali. Wakikubali, atatoka. Wakikataa, atangoja miaka mingine.

Je, watu hao ni akina nani? Kabla ya kupewa viti hivyo walikuwa wakifanya kazi gani? Nyinyi wanakikundi mnalijua swali hili vizuri. Mkichagua mweka hazina, hamwulizi tu kama ni mtu mzuri. Mnauliza pia: huyu anajua nini?

Paroli ni nini?

Paroli ni ruhusa ya kumalizia kifungo nje ya gereza, kwa masharti. Si msamaha. Aliyeachiliwa huripoti kwa afisa anayemsimamia, na akivunja masharti anaweza kurudishwa ndani. Neno lenyewe limetoka katika Kifaransa, maana yake ni neno la mtu, yaani ahadi yake.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria yake juu ya jambo hili. Tutazame jimbo moja, Massachusetts. Bodi yake ina wajumbe 7. Gavana ndiye anayewateua kwa kipindi cha miaka 5, lakini ni lazima uteuzi ukubaliwe na baraza lililochaguliwa na wananchi. Sheria inataka kila mjumbe awe na shahada ya chuo kikuu, na uzoefu wa miaka 5 au zaidi katika kazi kama hizi: sheria, polisi, magereza, probesheni, saikolojia, matibabu ya akili, elimu ya jamii, au ustawi wa jamii. Jimbo la New York, ambalo bodi yake inaweza kuwa na wajumbe hadi 19, lina orodha inayofanana na hiyo.

Kila kazi ina jicho lake

Kwa nini sheria ikataja kazi nyingi hivyo? Ni kwa sababu kazi humfundisha mtu kutazama upande fulani.

Aliyekuwa kiongozi wa mashtaka atauliza juu ya kosa: lilifanywaje, na aliyeumizwa anasemaje leo? Aliyekuwa polisi atauliza juu ya usalama: akitoka, nani yuko hatarini? Aliyefanya kazi gerezani anajua kutofautisha mfungwa aliyebadilika na yule aliyejifunza tu kujibu vizuri. Daktari wa akili atauliza kama kuna ugonjwa au ulevi ambao haujatibiwa. Naye mfanyakazi wa ustawi wa jamii atauliza: atalala wapi? Atakula nini? Nani atampokea?

Maswali yote haya ni ya haki. Hakuna hata moja linalotosha peke yake. Bodi iliyojaa watu wa mashtaka na polisi peke yao inaweza kulisoma kosa vizuri sana na isimwone mtu aliyebadilika. Na bodi ya washauri watupu inaweza kumhurumia mtu ikasahau yule aliyeumizwa.

Somo la mwaka 2010

Mwaka 2008 bodi ya Massachusetts ilipiga kura kumwachilia mtu aliyekuwa na vifungo vya maisha. Wajumbe 6 walipiga kura, wote wakakubali. Mwezi wa Desemba 2010 mtu huyo alimwua afisa wa polisi wakati wa wizi wa dukani katika mji wa Woburn, naye mwenyewe akafa kwa risasi hapo hapo.

Wananchi walikasirika, na haki yao. Januari 2011 wajumbe 5 walijiuzulu. Gavana akamweka kiongozi wa mashtaka kuwa mwenyekiti mpya. Baada ya hapo idadi ya wafungwa wa maisha walioachiliwa ilishuka sana. Mwaka 2012 sheria mpya ikataka thuluthi mbili za kura kabla ya mfungwa kama huyo kutoka.

Sasa, tuseme nini? Wengine walisema bodi ya kwanza ilikuwa laini mno. Wengine wakasema bodi mpya ilikuwa na woga, ikawafungia mlango hata waliostahili. Tukumbuke pia kwamba uchunguzi ulionyesha kasoro katika kumsimamia mtu huyo baada ya kutoka. Kumbe hata wajumbe wenye ujuzi wanaweza kukosea, na kazi haiishi siku ya kupiga kura. Lakini jambo moja liko wazi: ukibadilisha watu walio mezani, maswali hubadilika, na majibu pia.

Na hapa kwetu Kenya?

Kwetu, mfungwa mwenye mwenendo mzuri kwa kawaida hupunguziwa thuluthi moja ya kifungo chake. Hiyo ni hesabu ya sheria ya magereza, na waliofungwa maisha hawamo.

Kilicho karibu na bodi ya paroli ni Kamati ya Ushauri ya Msamaha, iliyowekwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 133. Kamati hii humshauri Rais. Ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza, na watu wengine wasiopungua 5 ambao si wafanyakazi wa serikali. Mnaona? Katiba yetu pia imekataa meza moja iketiwe na watu wa aina moja. Tena mtu yeyote anaweza kupeleka ombi, na kamati inaweza kuzingatia maoni ya walioumizwa.

Afisa wa probesheni akija kijijini kuulizia habari za mfungwa, huongea na jamaa zake, chifu na majirani. Siku hiyo nanyi mnakuwa kama bodi. Msimwachie mtu mmoja mwenye sauti kubwa aseme kwa niaba ya kijiji kizima. Aliyeumizwa asikilizwe, bila kulazimishwa kusamehe. Mama wa mfungwa asikilizwe. Mwenye kazi ya kumpa aseme. Na kama kuna hofu, isemwe wazi, isifichwe kwa ajili ya aibu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kama mngechagua watu 7 wa kuamua nani atoke gerezani, mngetaka wawe wa kazi gani? Kwa nini?

2. Katika kamati yenu wenyewe, ni jicho gani linalokosekana?

3. Mtu wa kijiji chenu akirudi kutoka jela mwezi ujao, nani atampokea, na nani atamtembelea yule aliyemkosea?