Tovuti inasema haioni databesi? Usifute kitu kwanza!

Juzi nikiwa kafe hapa, dogo mmoja kanifuata jasho likimtoka. Tovuti yake ya habari za mtaani, kaijenga kwa WordPress miaka mitatu sasa, ilikuwa inaleta ukurasa mweupe wenye mstari mmoja tu: imeshindwa kuunganishwa na databesi. Yeye akadhani tovuti imekufa, kaanza kufuta mafaili ili apakie upya. Nikamwambia we, toa mkono hapo!

Tuelewane kwanza. Mafaili ya PHP ni kama mhudumu wa mgahawa, databesi ya MySQL (au MariaDB) ndiyo jiko. Makala na maoni yote yako jikoni. Mhudumu akikwambia leo hakuna chakula haina maana jiko limeungua. Labda mlango umefungwa, labda kapewa ufunguo siyo, labda foleni ni ndefu. Sasa ukurasa ule mweupe hautofautishi, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Fungua faili la wp-config.php. Utakuta mistari minne: DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST. Humohumo tafuta WP_DEBUG, iwe true badala ya false, halafu fungua tovuti tena. Sasa itataja namba ya kosa. Iandike kwenye karatasi, kisha rudisha false haraka, maana ukiacha hivyo kila mgeni anaweza kuona jina la mtumiaji wa databesi yako.

Ukiona 1045, jikoni wapo ila wamekukatalia: jina au neno la siri havilingani. Mara nyingi ni nafasi tupu iliyoingia wakati wa kunakili, au neno limebadilishwa upande mmoja tu.

2002 ni kwamba hujafika kabisa. Ama MySQL imezimika, na hapo ni kuwapigia wenye seva, ama DB_HOST imekosewa. Wengi wameandika localhost. Kwenye seva za Linux neno hilo halipiti kwenye mtandao, linapita kwenye faili maalum la humohumo ndani linaloitwa soketi. Ukiandika 127.0.0.1 unapita mlango wa 3306, kwa hiyo kimoja kinaweza kugoma na kingine kikakubali. Na kama umehama kampuni, waulize DB_HOST yao ni ipi, wengine databesi wanaiweka kwenye mashine nyingine kabisa.

1040 ni foleni. MySQL yenyewe ikiachwa ilivyo inapokea miunganisho 151 kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tovuti inakufa siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, halafu usiku inafufuka yenyewe. Hapo usiguse neno la siri! Weka programu ya kuhifadhi kurasa tayari, ili kila mgeni asiamshe databesi upya.

Ukurasa ukisema haiwezi kuchagua databesi, hilo ni lingine: umeingia ila chumba hukioni. Wanaotumia cPanel angalieni vizuri, inaongeza jina la akaunti yako mbele ya jina la databesi, na mtumiaji lazima aunganishwe nayo na kupewa ruhusa.

Tumrudie dogo. Namba ilikuwa 1045. Nikamuuliza, umebadilisha neno la siri lini? Akanyamaza kidogo. Kumbe usiku wake alikumbuka kaondoka kafe nyingine bila kutoka kwenye paneli, akaogopa, akabadilisha maneno yote ya siri, la databesi likiwemo. wp-config.php hakuigusa. Tukaandika jipya, dakika mbili tovuti ikafunguka na makala zake zote.

Ila picha haziko jikoni, ziko kwenye folda ya uploads, na hilo alishalifuta kabla hajaniita. Hakuwa na nakala ya akiba. Nilipoondoka alikuwa bado anawapigia rafiki zake waliozishusha, kuomba wamtumie.