Nguvu ya Pikipiki Imo Kwenye Hewa

Pale Bungu, kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, baadhi ya bodaboda husikika kabla hawajaonekana. Wametoboa ekzosi. Wengine wameng'oa chujio la hewa ili injini ipate kupumua. Nguvu wanayoitafuta ipo kweli, ila njia waliyoishika inawapotezea fedha.

Petroli haiungui bila hewa, na kiasi cha hewa inachotaka ni kikubwa ajabu. Kilo moja ya petroli huhitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote. Lita moja tu basi humaliza hewa zaidi ya lita 9,000. Kuongeza petroli ni jambo jepesi. Kazi iko kwenye kuingiza hewa. Injini ya pikipiki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni ina nafasi 50 za kuvuta hewa kila sekunde, na moshi wa zamu iliyopita lazima uwe umeshatoka.

Wahandisi walijifunza haya kwa kufunga injini kwenye mitambo ya kupimia nguvu na kubadilisha kitu kimoja kimoja. Ndipo walipobaini kwamba bomba la moshi nalo hufanya kazi. Moshi unapotoka kwa kishindo, wimbi hukimbia ndani ya bomba, likafika mwisho na kurudi likivuta. Likirudi kwa wakati wake, hukomba moshi uliobaki na kuacha nafasi kwa hewa mpya. Mwaka 1961, Ujerumani Mashariki, injini ya mashindano ya cc 125, ya kuchanganya petroli na oili kama zile za baiskeli za mota, ilifikisha nguvu za farasi 25. Bodaboda ya ukubwa huohuo hutoa kama 10.

Lakini injini ile ilikuwa na nguvu pale tu ilipozunguka kasi sana. Anayebeba gunia la korosho kwenye njia ya mchanga, au mama mjamzito anayewahishwa kituo cha afya, anahitaji nguvu ya mwendo wa polepole. Kutoboa ekzosi huvuruga wimbi lililopimwa kiwandani, na mara nyingi nguvu hiyohiyo ndiyo inayopungua. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele.

Kung'oa chujio ni hatari zaidi. Kabureta imepangwa kufanya kazi na chujio likiwepo. Ukilitoa, hewa huzidi petroli na injini huchemka. Tena chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia husaga ringi, moshi wa bluu huanza kutoka, na oili huisha bila kuvuja.

Chujio lililoziba nalo lina gharama yake. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2009 yalionyesha kuwa gari la kabureta likibadilishiwa chujio chafu huweza kuokoa asilimia 2 hadi 6 ya mafuta, na zaidi ya hapo kama lilikuwa limeziba kabisa. Yale yalikuwa magari, kwa hiyo tusiahidi kiwango hichohicho kwa pikipiki. Hata hivyo kanuni ni ileile: kabureta ikikosa hewa hunyonya petroli kupita kiasi, na plagi hutoka nyeusi tii.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakauka kivulini, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Lisioshwe kwa petroli, maana ni hatari ya moto. La karatasi halioshwi, likichakaa hubadilishwa. Njia ya moshi nayo itunzwe: wavuvi wa Nyamisati wenye mashine za boti za kuchanganya petroli na oili wajue kwamba oili ikizidi kipimo huacha masizi, na masizi huziba njia ya moshi.

Ewe mwenye pikipiki, kabla hujanunua ekzosi nyingine, mwambie fundi alifungue chujio mbele ya macho yako.