Karata za tarot: kamari, ramli au hadithi?

Hapa Buganguzi, kama kwingineko wilayani Muleba, kijana akikutwa na karata mkononi watu husema haraka: huyo anacheza kamari. Karata zenyewe zikiwa na picha ya mifupa ya mtu, mnara unaoungua au shetani, neno hubadilika: huyo anapiga ramli. Picha za namna hiyo sasa zinafika kwenye simu zetu, na wengi wanajiuliza ni za nini.

Hizo ni karata za tarot. Ni kweli wapo wanaozitumia kupiga ramli. Lakini wapo pia wanaozitumia kwa jambo jingine kabisa: kukaa mezani na kutunga hadithi pamoja. Leo tunaeleza mchezo huo unavyochezwa, na mahali unapoweza kuleta madhara.

Tarot ni nini?

Seti moja ya tarot ina karata 78. Kati ya hizo, 56 zinafanana sana na karata tunazozijua. Zina mafungu manne, na kila fungu lina karata 14, yaani moja zaidi ya karata za kawaida. Zinazobaki 22 ni karata kubwa, kila moja na picha na jina lake: Mjinga, Gurudumu la Bahati, Kifo, Mnara, Jua na nyingine.

Ukicheza karata kwa Kiswahili, mafungu hayo tayari unayajua. Majina kopa, uru, shupaza na pau tuliyapata kwa Wareno, na kwao maana yake ni vikombe, dhahabu, panga na fimbo. Tarot nayo ina vikombe, sarafu, panga na fimbo. Hata neno turufu lina undugu na karata hizi. Zilianza kuchezwa Italia katika karne ya 15, na jina lake la kwanza lilikuwa trionfi, yaani karata za ushindi, kwa sababu zile kubwa zilizipiga nyingine zote, kama turufu inavyofanya.

Kwa hiyo tarot ilianza kama mchezo. Habari za ramli zilivuma baadaye sana, hasa Ufaransa, baada ya Antoine Court de Gébelin kuandika mwaka 1781 kwamba karata hizo zimebeba siri za Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote, lakini watu walimwamini.

Mchezo wa hadithi unachezwaje?

Michezo ya namna hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1974, ulipotoka Marekani mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji wake hutumia dadu. Baadaye wengine walibuni michezo inayotumia karata, zikiwemo za tarot. Kanuni hutofautiana, lakini msingi ni mmoja.

Tuseme mko watu watano. Mmoja ni msimamizi, ambaye anaeleza mahali na matukio. Wanne waliobaki kila mmoja anabuni mtu na kumsemea: mama mwenye shamba la migomba, dereva wa bodaboda, mvuvi, na mwalimu mgeni kijijini. Kijiji chenyewe ni cha kubuni.

Msimamizi anaanza: “Mnyauko umeonekana kwenye migomba ya jirani. Mnafanyaje?” Mwenye nafasi ya mama anajibu: “Naenda kumwomba jirani aing'oe yote kabla haujafika kwangu.” Je, jirani atakubali? Hapo haamui msimamizi wala mama. Inafunuliwa karata.

Tuchukue kanuni rahisi. Namba 1 hadi 5, ombi limekataliwa. Namba 6 hadi 10, limekubaliwa lakini kuna gharama. Namba 11 na kuendelea, limekubaliwa bila shida. Fungu la karata ndilo linaloonyesha gharama ni ya aina gani. Vikombe ni mambo ya moyo na undugu, sarafu ni mali, panga ni ugomvi, fimbo ni kazi na nguvu.

Imetoka saba ya vikombe. Jirani anaing'oa migomba yake, lakini kwa uchungu, na tangu siku hiyo hamsalimii mama yule. Ingekuwa saba ya sarafu, mama angelazimika kumsaidia kununua miche mipya. Ingekuwa ya panga, wangefikishana kwenye kikao cha kitongoji. Ingekuwa ya fimbo, mama angeshika jembe akang'oe naye. Karata haikusimulia hadithi. Imetoa dokezo tu, na wachezaji ndio wanaoamua linamaanisha nini.

Karata kubwa ikitoka, jambo zito linatokea. Mnara unaweza kuwa daraja lililosombwa na mvua. Kifo mara nyingi hakimaanishi kwamba mtu amekufa, bali kwamba jambo fulani limefika mwisho, kama shamba la kahawa la ukoo kuuzwa. Hakuna mshindi wala aliyeshindwa. Hadithi ikifika mwisho wake, mchezo umekwisha.

Je, ni lazima uwe na tarot?

Hapana. Mwaka 2013 Avery Alder alitoa mchezo uitwao The Quiet Year, unaotumia karata 52 za kawaida. Kila karata ni juma moja, na mafungu manne ni majira manne ya mwaka. Wachezaji huchora ramani ya jamii yao na kuamua pamoja itaishije mwaka huo. Hauna hata msimamizi.

Kamari na ramli viko wapi?

Kamari ni kuweka fedha au mali kwa matumaini ya kupata zaidi kwa bahati. Nchini kwetu shughuli hizo husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Katika mchezo wa hadithi hakuna anayeweka kitu, kwa hiyo hakuna cha kuliwa. Siku mtu atakaposema “tuweke mia tano tano”, huo si mchezo huu tena.

Ramli ndiyo ya kuangalia zaidi. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka 2024, mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa hapa hapa Muleba. Kanda ya Ziwa tunaijua ramli chonganishi na machozi yake: bibi kizee ananyooshewa kidole, familia inavunjika. Neno hili hatulichukulii kwa mzaha.

Tofauti ni hii. Mpiga ramli hudai karata inajua habari za mtu halisi. Katika mchezo, karata inamhusu mtu ambaye hayupo duniani. Kwa hiyo kanuni moja haivunjwi: jina la jirani, ndugu au mgonjwa halisi lisiingie mezani kamwe. Asitajwe mwizi, asitajwe mchawi. Likiingia, kusanyeni karata mlale.

Jambo hili si geni kwetu. Katika ngano za Kihaya msimulizi husema alikuja akaona, na wasikilizaji humjibu aone ili nao waone. Tofauti ni kwamba mezani kila mmoja ni msimulizi.

Ukitaka kujaribu

Chukua karata za kawaida. A iwe 1, na J, Q na K ziwe 11, 12 na 13. Kopa ishike nafasi ya vikombe, uru sarafu, shupaza panga, pau fimbo. Buni kijiji na shida moja: kisima kimekauka, bei ya kahawa imeshuka, barabara imekatika. Kama wazazi wana wasiwasi, waalike wakae nanyi mezani, na mzee awe msimamizi wa kwanza.