Kabla ya kuongeza kifurushi, itazame ruta yako

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wadogo siku hizi wana ofisi mbili. Ya kwanza ni duka lenye leseni na mlango wa chuma. Ya pili ni meza ya sebuleni, ambako usiku hupigwa hesabu za siku, hulipwa wauzaji wa nje, hujazwa fomu za kodi na, kwa wale wenye hisa, hutazamwa bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Ofisi hii ya pili hutegemea kisanduku kimoja chenye taa ndogo, yaani ruta. Mara nyingi kililetwa na fundi siku ya kuunganishwa, kikawekwa pale pale waya ulipoingilia, na tangu siku hiyo hakuna aliyekigusa ila kukipangusa vumbi.

Intaneti inapokuwa nzito, hatua ya kwanza ya wengi ni kupiga simu kwenye kampuni na kuomba kifurushi kikubwa zaidi. Hapo ndipo fedha hupotea. Kifurushi hulipiwa kila mwezi. Ruta hununuliwa mara moja. Ikiwa kasoro iko ndani ya nyumba, nyongeza hiyo ya kila mwezi ni sawa na kuomba maji yaongezwe mtaani huku bomba la jikoni kwako limeziba.

PIMA KABLA YA KULIPA

Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya, kisha pima kasi kwa moja ya tovuti za kupimia. Andika namba. Chomoa waya, kaa mita mbili kutoka kwenye ruta, pima tena kwa Wi-Fi. Mwisho nenda kwenye chumba unachofanyia kazi, funga mlango kama kawaida yako, upime mara ya tatu. Rudia zoezi hilo asubuhi na saa mbili usiku.

Namba ya waya ikiwa chini sana ya kile unacholipia, tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kwa kampuni, na hapo una haki ya kulalamika ukiwa na ushahidi mkononi. Namba ya waya ikiwa nzuri lakini ya chumbani ni mbovu, kampuni haina kosa. Tatizo ni ruta au mahali ilipowekwa.

Msomaji asichanganye pia vipimo viwili. Kampuni huuza kwa megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Faili la megabaiti 100 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde litachukua sekunde 40 hata kila kitu kikiwa sawa. Anayetarajia sekunde tano atamlaumu asiyehusika.

Aidha, yapo matatizo ambayo ruta ya bei yoyote haiwezi kuyaponya. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki ikiwemo Tanzania. Siku kama hiyo, aliyebadili ruta alikuwa amebadili kisanduku tu.

NAMBA ZILIZO KWENYE BOKSI

Ukifika Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta maboksi yenye namba kubwa: N300, AC1200, AX1500, AX3000. Muuzaji atakwambia namba kubwa ndiyo kasi kubwa. Ni kweli nusu.

Herufi huonyesha kizazi. N ni Wi-Fi 4, kizazi cha mwaka 2009. AC ni Wi-Fi 5, na AX ni Wi-Fi 6, ambayo vifaa vyake vilianza kupewa vyeti rasmi mwaka 2019. Wi-Fi 7 ilifuata mwaka 2024. Namba inayofuata herufi ni jumla ya kasi za masafa yote kwa pamoja, zilizokadiriwa katika mazingira ambayo hayapo nyumbani kwa mtu. AC1200, kwa mfano, ni takriban 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5. Simu yako hutumia upande mmoja kwa wakati, na katika nyumba halisi utapata sehemu tu ya namba hiyo.

La muhimu kwa mnunuzi ni kwamba ruta ya N300 kwa kawaida ina masafa ya 2.4 peke yake. Masafa haya hufika mbali lakini yamejaa: majirani wote wamo humo, na oveni ya maikrowevu nayo huyachafua inapowashwa. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi na nafasi zaidi, ingawa hupungua nguvu haraka yakikutana na ukuta. Kwa nyumba iliyo katikati ya majirani wengi, ruta yenye masafa yote mawili ndiyo ya kuanzia.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni matundu ya waya yaliyo nyuma. Baadhi ya ruta za bei nafuu, hata zenye AC au AX kubwa usoni, zina matundu ya megabiti 100 tu. Mwenye kifurushi cha megabiti 200 akiiunganisha humo hatapata hata 100 kamili, na nusu ya malipo yake itaishia kwenye tundu hilo kila mwezi. Soma ubavuni mwa boksi: matundu yawe ya gigabiti, hasa lile la kuingizia intaneti.

Wi-Fi 7 bado ni anasa kwa duka la nyumbani. Simu na kompyuta zako zikiwa za kizazi cha nyuma, ruta mpya itazungumza nazo kwa kizazi hicho hicho. Kwa walio wengi, Wi-Fi 6 yenye matundu ya gigabiti inatosha kwa miaka kadhaa.

ULIZA HAYA KABLA HUJATOA FEDHA

Kwanza, je, ruta hiyo inakubaliana na huduma yako? Zipo za kuchomekwa laini ya simu, zipo za kupokea waya wa kawaida, na zipo zinazopokea mkongo moja kwa moja. Hizi za mwisho mara nyingi lazima zisajiliwe na kampuni yenyewe, hivyo usitupe kisanduku walichokupa. Ruta mpya utaiunganisha nyuma yake.

Pili, kwa zile za laini ya simu, je, imefungwa kwa mtandao mmoja? Iliyofungwa ikiuzwa rahisi, urahisi huo utaulipia siku utakapotaka kuhama.

Tatu, je, aina hiyo imeidhinishwa? Tanzania kazi ya kuidhinisha vifaa vya mawasiliano ni ya TCRA, na Kenya ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Nne, je, mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya programu yake? Ruta ya mtumba iliyoachwa na aliyeitengeneza ni nyumba isiyo na kitasa. Tano, risiti na dhamana. Jaribu kifaa kikiwashwa mbele yako, na uhakikishe adapta ni yake, yenye volti zilizoandikwa chini ya ruta.

MAHALI PA KUWEKA

Ruta nzuri iliyowekwa vibaya hushindwa na mbovu iliyowekwa vizuri. Iweke katikati ya nyumba, juu ya meza au rafu, mahali pa wazi. Isifichwe kabatini, nyuma ya televisheni wala kando ya friji. Chuma, kioo cha kujitazamia na maji ni maadui wa mawimbi, hivyo usitarajie mengi nyuma ya kuta za mabati au upande wa pili wa simtenki. Zege yenye nondo hula mawimbi mengi, na kuta nene za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, humaliza masafa ya gigahezi 5 mapema sana.

Kama waya wa kampuni umeishia pembeni, kununua mita kumi za waya wa mtandao na kuihamisha ruta ni rahisi kuliko kununua ruta nyingine.

Kwa nyumba ya ghorofa, wauzaji hupenda kupendekeza ekstenda, kile kifaa cha kudaka mawimbi na kuyarusha tena. Ujue kwamba ekstenda ya kawaida inayopokea na kurusha kwa masafa yale yale hupunguza kasi karibu nusu. Kuvuta waya hadi juu na kuweka huko kituo cha pili cha Wi-Fi kuna usumbufu siku moja, na faida yake hudumu.

KUIFUNGA SIKU YA KWANZA

Kabla hujachomoa ruta ya zamani, iulize kampuni kama laini yako ina jina na nenosiri la kuunganishia. Wengi wamekaa siku mbili bila intaneti kwa kukosa maneno hayo mawili.

Ukishaunganisha, fungua kivinjari na uandike anuani iliyobandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Humo fanya mambo sita. Badili nenosiri la msimamizi. Badili nenosiri la Wi-Fi, liwe refu, na lisiwe namba yako ya simu. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama vifaa vyako ni vya zamani. Kamwe usichague WEP, ambayo udhaifu wake ulifichuliwa tangu 2001. Zima WPS, ambayo kasoro ya namba yake ya siri ilitangazwa mwaka 2011. Zima usimamizi wa kutoka nje ya nyumba. Pakua marekebisho mapya ya programu. Katika masafa ya 2.4, chaneli zisizogongana ni 1, 6 na 11. Chagua yenye majirani wachache.

Kama ruta mpya iko nyuma ya kisanduku cha kampuni, zima Wi-Fi ya kile cha zamani, na uiweke mpya katika hali ya kituo cha Wi-Fi tu, ili visigombee kazi moja.

Haya si mapambo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadili. Mei 2018 iligundulika nyingine, VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zipatazo 54, hadi FBI ya Marekani ikawaomba wenye ruta wazizime na kuziwasha upya. Aliyeishika ruta yako anaweza kuipotosha kompyuta hadi kwenye ukurasa wa benki wa kughushi. Kwa hiyo kivinjari kikikuonya kuwa ukurasa si salama, simama, usibonyeze kuendelea.

Kadhalika, washa mtandao wa wageni. Wateja, televisheni, kamera na simu za watoto zikae huko. Kompyuta ya hesabu na simu ya malipo vibaki kwenye mtandao mkuu, ambao nenosiri lake halibandikwi ukutani.

UMEME UKIKATIKA

Ruta inayokula wati 10 hutumia takriban uniti saba kwa mwezi ikiwaka usiku na mchana, kwa hiyo si mzigo. Balaa ni kukatika kwa umeme katikati ya malipo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu yake ili isife mapema, ruta hiyo itaendelea karibu saa nne. Nunua kifaa cha akiba kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye volti za ruta yako, badala ya kuunga nyaya mwenyewe. Na kumbuka kisanduku cha mkongo nacho kinataka umeme. Ukiiwasha ruta peke yake utaona Wi-Fi imejaa na intaneti haipo.

Mwenye biashara isiyoweza kusubiri awe pia na laini ya simu ya kampuni nyingine, yenye bando dogo, kwa siku ya dharura.

HESABU YA MWISHO

Kwa chumba na sebule, ruta ya masafa mawili ya Wi-Fi 5 au 6 inatosha. Nyumba ya vyumba vitatu yenye kamera na watoto, chukua Wi-Fi 6 yenye matundu ya gigabiti. Nyumba ya ghorofa, gawa fedha: ruta ya wastani, waya, na kituo cha pili.

Hatimaye chukua bei ya ruta uigawe kwa nyongeza ya kila mwezi uliyotaka kuilipa kampuni. Jibu ni idadi ya miezi ambayo ruta itajilipa yenyewe. Lakini hesabu hiyo ifanywe baada ya kupima, kuihamisha na kuifunga ile iliyopo. Huenda ukakuta hakuna haja ya kununua chochote, na fedha hiyo ikabaki kwenye mzunguko wa duka, mahali inapozaa.