Mtandao Ukipotea Merti, Fundi Aliye Nairobi Anapitia Wapi?

Ukiuza maziwa ya ngamia Isiolo unajua saa ni pesa. Mitungi imeshapakiwa kwenye basi la Nairobi, mnunuzi wa Eastleigh anasema ametuma, na simu yako kimya. Mtandao hakuna. Dereva anapiga honi.

Wateja wetu wa huko hutuuliza: mbona siku nyingine mtandao unarudi baada ya dakika chache, na siku nyingine tunangoja hadi jioni?

Chini ya mnara kuna ruta, mtambo unaoelekeza data ipite wapi. Kwa kawaida fundi aliye Nairobi huihudumia kupitia mtandao uleule unaobeba simu na pesa zako. Sasa huo ukikatika, naye amefungiwa nje. Inabidi gari litoke. Na kutoka Isiolo kwenda Merti msimu wa mvua, laga zikijaa maji, hakuna anayekuahidi saa ya kufika.

Dawa yake ni mlango wa nyuma: kifaa kidogo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, chenye laini ya kampuni nyingine au dishi la setilaiti, na betri yake. Njia kuu ikifa, fundi anapitia huko, anasoma ruta inalalamikia nini, anairudishia mipangilio ya jana au anaizima na kuiwasha. Hakuna gari lililotoka. Kebo ikikatwa na tingatinga, mlango huo hauwezi kuiunga, lakini angalau gari litatoka na spea inayofaa, badala ya kwenda kuangalia kwanza halafu lirudi mjini. Ila njia hiyo ya pili ikitegemea kebo ileile ya kwanza, basi ni mapambo tu.

Hata wakubwa huwakuta. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima karibu saa sita duniani kote. Amri moja wakati wa matengenezo ilikata njia kuu, na mlango wa nyuma nao ukagoma. Ikabidi mafundi waende wenyewe hadi penye mitambo, kama vile Merti tu.

Turudi kwa maziwa yako. Pesa hazikai kwenye mnara wala kwenye laini, rekodi iko kwenye mitambo yetu ya kati. Kama mnunuzi kweli amepata ujumbe wenye namba ya muamala, pesa zimeshaingia kwako. Ni ujumbe wako tu umekwama njiani. Asitume mara ya pili! Lakini ujumbe wa kuonyeshwa au kusomewa unaweza kughushiwa, kwa hivyo kama hamjuani vizuri, mitungi ishuke hadi uone salio mwenyewe. Kama ni mteja wako wa miaka mingi, hapo utaamua wewe.

Na mtandao ukirudi, akipiga mtu akisema ni fundi anayemalizia kurekebisha laini yako na anahitaji PIN, kata simu. Mlango wa fundi unaingia kwenye ruta. Kwa akaunti yako hana shughuli.